Diski ya Pili

Pikipiki yangu ina kilo mia tatu na kumi
bila mimi, bila Verner, bila mkoba wa samaki wa moshi.
Kiwandani waliipa injini ya kutikisa madirisha ya jirani,
tangi pana kama mgongo wa ng'ombe,
kromu ya kujitazamia meno,
kisha, walipofika kwenye breki ya mbele,
nadhani kengele ya chakula ililia:
diski moja, upande wa kulia,
na kushoto rimu tupu
kama sikio lisilotogwa.

Mji wetu ulijengwa na watu waliochukia tambarare.
Barabara za Duluth zinateremka ziwani
kama watoto walioitwa kula.
Septemba ile tulikuwa wawili juu yake.
Taa ya chini ikawa nyekundu,
lori la magogo likakatiza,
nikabana kwa vidole vinne,
nikabana kwa bega, kwa meno, kwa jina la mama yangu,
na mkono wa breki ukalala kwenye mshikio
laini, kama kufinya mkate uliolowa.

Tulisimama.
Kati ya tairi na gogo la mwisho
angeweza kupita paka, akijibana.

Verner akashuka, akavua kofia,
akaupanda mlima kwa miguu hadi nyumbani,
wala hakugeuka.
Wiki zikapita tukizungumzia takataka na bili ya gesi.

Mimi huendesha gari la kukwangua theluji.
Najua uzito ni deni,
na mteremko ni mdai asiyebisha hodi.
Nikavuka daraja kwenda kwa Duane Bergstrom,
anayechinja pikipiki zilizokwisha kufa,
nikapata mguu wa kushoto wa shokapu, wenye masikio ya kufungia kalipa,
diski yenye mikwaruzo,
kalipa yenye pistoni mbili zilizogoma kwa kutu.
Alitaka dola mia mbili.
Nikampa mia na themanini na chupa ya jemu.

Januari. Hita ya gereji inakohoa.
Nikasugua kutu, nikabadilisha sili,
nikatupa bomba la mpira lililozoea kuvimba
kama shavu la mpiga tarumbeta,
nikafunga mabomba ya chuma kilichosukwa,
na juu, pampu mpya, pana zaidi,
maana vinywa sasa ni viwili
na kijiko kile cha zamani kingekuwa matusi.

Lakini kutoa upepo ni kazi ya watu wawili.
Nilijaribu kwa kamba. Nilijaribu kwa goti.
Hewa ikajificha kwenye viungo, ikanicheka.
Saa sita usiku mlango ukafunguka:
Verner, na ndara, na kahawa moja, yake.
Hakusalimu. Akakaa kwenye tandiko,
akashika mkono wa breki.

"Bana."
"Nimebana."
"Shika hapo."
Nikalegeza nati robo mzunguko.
Mafuta yakapita kwenye kimrija na viputo vyeupe,
vidogo, kama mayai ya samaki.
"Achia. Bana."
"Nimebana. Helmi, niliogopa."
Alikiambia kikopo cha mafuta, si mimi.
"Shika hapo. Na mimi niliogopa. Achia."
Tukaendelea hivyo mpaka kahawa ikapoa,
mpaka mkono wa breki ukawa mgumu kama kokoto
na yeye akaubana mara tatu zaidi, bila kuambiwa.

Mei, pedi mpya hazijaiamini diski;
hufundishwa. Nikaenda peke yangu barabara ya makaburini,
kasi, bana, achia, kasi, bana, achia,
mara kumi, hadi zikanuka.
Niliporudi alikuwa kibarazani, kofia kichwani,
ameifunga kamba kombo.

Mteremko ule ule. Taa ile ile.
Vidole viwili tu.
Pua ya pikipiki ikainama,
tukasimama mapema mno, hatua nyingi kabla ya mstari,
na kofia ya Verner ikanigonga kisogoni: ko!
"Samahani," nikasema.
"Tena," akasema.
Taa ikawa kijani.
Gari la nyuma likapiga honi, likapiga tena,
na sisi bado tupo pale.